Pantoni Lililoitwa Zaituni

Mmeniuliza wote, mmoja mmoja, kule Kusini kulikuwaje, na kila mmoja nimemjibu "salama tu" nikaendelea kupima kamba. Haikuwa salama tu. Naandika kwenye daftari hili ili lipite duka hadi duka, mlisome kwa nafasi zenu, nami nisilazimike kuyasema kwa mdomo, kwa sababu nikiyasema kwa mdomo nitalia mbele ya wateja.

Kariakoo hadi Mbagala

Kwa mliohamia mtaani juzijuzi: mimi ndiye ninayeuza kamba za katani, za plastiki na za waya, pamoja na kapi na ndoano za kunyanyulia mizigo. Duka lilikuwa la mume wangu, Rashidi. Amefariki mwaka huu. Hatukujaaliwa watoto, kwa hiyo sikuwahi kuitwa mama fulani. Kariakoo nzima inaniita Zaituni.

Wazazi wangu pale Ilala walinipa jina la Mwajuma. Wiki ya kwanza ya ndoa Rashidi akaanza kuniita Zaituni. Nilipomuuliza sababu, akasema, "Kwetu kuna pantoni lina jina hilo." Hakuongeza neno. Yaliyobaki nikayajaza mwenyewe: kwamba mwanaume huyu kabla ya kunioa alikwenda kwao akaandika jina alilonichagulia kwenye chombo cha watu. Miaka yote nimewaringia. Wengine wana nyumba, wengine wana magari, mimi nina pantoni. Mnakumbuka.

Mnakumbuka pia tabia yake mliyokuwa mkiicheka. Nikimwita, popote alipo, aliitika hapohapo, "Naja!" Awe anampimia mteja, awe na tonge mdomoni, aliitika kwanza. Mkasema nimemkalia. Niliwaacha mseme kwa sababu niliona raha. Tangu afariki nimemwita mara nyingi kwa kusahau, na kimya kinachofuata sijakizoea hata leo.

Nilipotoka eda nikaanza kupanga bidhaa. Nyuma kabisa, chini ya maturubai, nikakuta roli la waya limefungwa gunia, na juu yake kwa rangi nyekundu, mwandiko wa Rashidi: ZAITUNI. Nikajua ni langu. Nikamwita Chande, yule mbeba mizigo wetu wa siku zote, alisogeze mbele.

"Bi Zaituni, hilo usiuze," akasema. "Hilo la pantoni."

"Pantoni gani?"

"La kwao mzee. Kila baada ya miaka kadhaa ananipa roli moja napeleka stendi, linapanda basi la Masasi. Hili ndo lilikuwa lisafiri, akaumwa."

Nilikaa juu ya roli lile mpaka adhuhuri. Rashidi hakuwahi kunipeleka kwao hata siku moja. Alisema hakuna mtu aliyebaki. Sasa kumbe kuna watu wanaopelekewa waya. Nikaamua nitalipeleka mwenyewe. Msinisifie kwamba nilikwenda kutimiza wosia; nilitaka kuona jina langu, basi.

Chande alilisukuma kwa mkokoteni hadi kwenye bajaji mbili. Moja ilinibeba mimi, nyingine ikabeba waya, na ile ya waya ikapotea njia Mbagala ikachelewa nusu saa. Konda wa basi alipoona roli akagoma. Akasema litatoboa mabegi ya watu. Nikamwambia mwenye roli amefariki na roli lazima lifike. Akanitazama, akafungua buti, akalizungushia gunia la pili kwa mkono wake.

Mbagala hadi Somanga

Siti ya pembeni yangu alikaa binti wa miaka kama thelathini, mweupe, mwenye sauti ya kwao Kilimanjaro. Alinipa shikamoo, nikamwitikia marahaba, akaanza kumenya chungwa. Jina lake Neema, mwalimu wa shule ya msingi. Nilikuwa sitaki mazungumzo. Nilitaka kukaa dirishani nikaionee huruma nafsi yangu kwa amani. Lakini mtu akikupa nusu ya chungwa utafanyaje?

"Unaenda wapi, mama?"

Nilipomtajia kijiji, akaacha kutafuna. "Sasa si ndo ninapofundisha! Ng'ambo ya mto. Una ndugu?"

"Mume wangu alitokea huko. Nawapelekea waya wa pantoni."

Nilitegemea aniulize habari za mume wangu. Yeye akaanza somo la pantoni. Akasema nisitegemee dude la injini kama la Kigamboni. La kwao ni dogo, limefungwa kwenye waya ulionyooshwa toka ukingo hadi ukingo, na linavutwa kwa mikono. Akasema neno lenyewe lilikuja na wazungu waliokuwa wakijenga barabara na madaraja. Kwao lilikuwa jina la yale matangi ya chini yanayoelea, ambayo unaweza kuyapanga na kuweka mbao juu ukapata hata daraja. Sisi tukaliacha tangi, tukalipa jina chombo kizima. "Lakini kule ukisema pantoni wanakuona mgeni," akasema. "Wote wanaliita Zaituni."

Nikacheka. "Na mimi naitwa Zaituni."

"Eh! Kumbe umepewa jina lake."

"Lenyewe ndilo limepewa langu."

Neema akatabasamu kwa adabu, kama anavyomtabasamia mtoto aliyekosea hesabu. "Labda, mama. Ila jina lile la zamani sana. Mwalimu mkuu wetu kastaafu, anasema siku anaanza darasa la kwanza alivuka na Zaituni."

Mtu aliyestaafu, siku anaanza darasa la kwanza. Sikuhitaji kalamu. Wakati huo mimi nilikuwa bado nanyonya pale Ilala, na Rashidi alikuwa kijana anayeota ndevu. Pantoni lilikuwa na jina lile miaka mingi kabla hajanijua.

Somanga mkanda wa feni ukakatika na basi likasimama. Dereva akasema dakika kumi, na dakika kumi za dereva zikawa saa mbili na ushee. Abiria wote wakashuka kwenye samaki wa kukaanga. Neema akaninunulia kibua na kipande cha muhogo, nikala sijui nakula nini. Mwanamke huyo Zaituni ni nani? Hilo ndilo nililokuwa natafuna. Mke wa kwanza? Mchumba aliyemkataa? Mume kaishi nami maisha yote akiniita jina la mwanamke mwingine, na mimi naitika, tena kwa madaha. Nikawafikiria nyinyi mkijua. Nikaona aibu nikiwa peke yangu kule, mbele ya watu wasionijua.

Masasi

Tuliingia Masasi wakati wa magharibi. Njiani Neema alikuwa ameninunulia ming'oko iliyochemshwa, vile viazi pori vyembamba vya Kusini, akanifundisha kuvimenya, nami nikavishika mkononi mpaka vikapoa. Nyumba ya wageni ilikuwa safi na kitanda kilikuwa kipana mno. Mjane ataelewa ninachosema. Nililala ukingoni, upande wangu, kama vile upande wa pili una mtu.

Roli la waya lilikuwa sakafuni. Alfajiri baada ya kuswali nililitazama lile jina jekundu, na nawaambia kweli, nilifikiria kuliuza hapohapo sokoni Masasi nigeuze na basi la asubuhi. Kilichonizuia si wema. Ni kwamba nikirudi bila kujua, ningeitwa Zaituni dukani kila siku, na kila siku ningejiuliza wanamwita nani.

Masasi hadi mtoni

Tulipanda Fuso lililobeba saruji na mabati. Neema nami tukakaa mbele na dereva, waya ukakaa juu ya saruji. Barabara ilikuwa nyekundu, mikorosho kulia na kushoto, kisha mikorosho ikaisha ikabaki miombo. Mara tatu tulishuka ili gari lipande kilima likiwa jepesi. Mara ya tatu dereva akatusahau, akaenda zake kama robo saa ya miguu, akatusubiri akicheka. Siku nyingine ningemtukana. Siku hiyo nilitembea tu.

Mto ulikuwa mwembamba kuliko nilivyodhani. Nilikuwa nimejijengea ziwa kichwani. Ulikuwa na upana kama kutoka duka langu hadi kwa wale wauza maturubai mwisho wa mtaa, maji ya kahawia yakienda kwa kasi bila kelele. Waya ulinyooka juu yake kutoka nguzo hadi nguzo. Na ukingoni, limefungwa, pantoni lenyewe: matangi, mbao juu yake, reli za kushikia, na ubavuni jina kwa rangi nyeupe iliyopakwa juu ya rangi nyeupe mara nyingi mpaka herufi zimevimba.

Mvushaji alikuwa mwanaume wa makamo, Athumani. Alikuwa akisalimiana na Neema, kisha akaona roli likiteremshwa. Akaona maandishi mekundu, uso wote ukamng'aa.

"Mzee Rashidi huyo! Tulikuwa tunasema mwaka huu katusahau. Hajambo mzee?"

Sikuwa nimejiandaa. Njia nzima nimehesabu miaka na kumchukia marehemu, na sikufikiria kwamba kuna mtu ambaye Rashidi atamfia upya.

"Mimi mke wake," nikasema. "Rashidi ametangulia. Miezi sita sasa."

Athumani akavua kofia yake. "Inna lillahi." Akakaa chini palepale kwenye mchanga. Aliniambia hajawahi kumwona kwa macho. Marehemu baba yake ndiye aliyevuta naye pantoni hili mwanzoni, Rashidi akahamia Dar, akawa anatuma waya. "Baba alituambia, siku waya usipokuja, mjue."

Nikamwacha avute pumzi. Kisha nikauliza, na sikuuliza kwa upole. "Zaituni alikuwa nani yake?"

"Hakukwambia?"

"Ningekuuliza nini hapa kama angeniambia?"

Akatazama ng'ambo. "Mdogo wake. Tumbo moja."

Nawaandikia alivyonieleza. Kabla ya pantoni watu walivuka kwa mtumbwi, na mwenye kupiga kasia alikuwa Rashidi, kijana. Zaituni alikuwa kwa shangazi yao ng'ambo. Akarudi alasiri moja, akasimama ukingoni akamwita kaka yake. Rashidi alimsikia. Alikuwa anakula na wenzake. Akawaambia wenzake binti atasubiri, akamalizia chakula, hata kuitika hakuitika. Juu mtoni mvua ilikuwa imenyesha. Binti akadhani hakuna mtu, akaingia kwenye kivuko cha miguu wanachopita kiangazi. Walimkuta siku ya pili, upande uleule wa ng'ambo, wakamzika huko.

Pantoni lilipoletwa, wazee wakalipa jina lake, na Rashidi akaomba awe wa kwanza kulivuta. Tangu hapo anayetaka kuvuka huita jina hilo, na mvushaji huitika, "Naja." Hata kama anakula, hata kama hawezi kuja muda huo, aitike kwanza. Asiyeitika haruhusiwi kushika waya. Athumani alisema hayo kama mtu anayeeleza kazi yake.

Nilimwomba maji ya kunywa. Zaituni alikuwa wifi yangu. Nimemwonea wivu tangu Somanga, na alikuwa mtoto.

Kuvuka

Pantoni hilo abiria hakai. Athumani alinipa kibao chenye mfuo katikati wa kukamatia waya. Unasimama mbele, unakikaza kibao kwenye waya, kisha unatembea kwa nguvu hadi nyuma. Ukifika nyuma unakiachia, unarudi mbele, unaanza tena. Ajabu yake ni kwamba unatembea ukielekea ulikotoka, na chombo kinakwenda mbele. Nimeuza waya nusu ya maisha yangu, sikuwahi kuuvuta hatua kumi. Viganja vilinichubuka. Mbele yangu Neema alivuta na mkoba wake wa vitabu mgongoni, akihesabu hatua kwa Kichaga.

Nililala kwake. Alipika ugali wa muhogo na majani ya kunde, akaniacha nikae kimya bila kunichokoza. Mwalimu mzuri yule.

Ng'ambo, peke yangu

Asubuhi Neema alinionyesha njia ya makaburini akaenda darasani. Kaburi la wifi yangu lina mawe madogo pembeni, yamepangwa vizuri. Kumbe wavushaji ndio hulisafisha. Nikamsomea Fatiha. Nikamwambia mimi ni Mwajuma, mke wa kaka yake, na kwamba jina lake nimelitunza, halina doa. Nikamwambia pia kaka yake hakuacha kuitika. Sijui kwa nini niliona ni muhimu aambiwe.

Kisha nikashuka mtoni kurudi. Pantoni lilikuwa upande wa pili, na Athumani namwona kabisa, amekaa juu ya gogo akisuka ncha ya waya mpya. Nikasimama. Nimevaa mtandio mwekundu, siyo mtu wa kutoonekana. Jua likapanda. Aliinua kichwa, akanitazama, akapunga mkono, akarudi kwenye waya wake. Nikaanza kukasirika. Sisi wa mjini tumezoea pantoni la Kigamboni. Unasubiri, litakuja, hata ukinuna litakuja. Nilisimama saa nzima nimenuna.

Akapita mzee mmoja na baiskeli yake ya mkaa. "Mama, umeita?"

"Ananiona."

"Kuonekana si kuita. Watu wanakuja hapa kufua, wanakuja kuchota maji, wengine wanakuja kukaa tu. Atajuaje wewe unataka nini? Usipoita, haji."

"Basi niitie wewe."

"Mimi sivuki," akasema, akapanda baiskeli akaenda.

Nikabaki na mto. Nilijua jina la kuita, nilishindwa kulitoa. Mtu mzima, peke yake porini, apige kelele jina lake mwenyewe. Nikajaribu, "Athumani!" Maji yakalimeza. Nikajaribu, "Hodi!" Nikajiona mjinga. Na pale ndipo nilipoumia kuliko siku ya mazishi, kwa sababu siku ya mazishi mlikuwapo. Nilijiona nilivyo: mwanamke ambaye hana wa kumwita.

Nikaweka mikono mdomoni. "Zaituni! Zaituniii!"

Na kutoka ng'ambo, hapohapo, kabla hata mwangwi haujaisha, sauti ya mwanaume: "Naja!"

Ilikuwa sauti ya Athumani. Najua ilikuwa ya Athumani. Lakini neno lilikuwa lilelile, na haraka ileile, nikakaa kwenye mchanga nikalia kwa sauti kama mtoto. Alipofika alinipa kibao, tukavuta.

Kurudi Kariakoo

Safari ya kurudi haina la kusimulia. Mkanda wa feni haukukatika, na Somanga nilikula samaki wawili, safari hii nikajua ninakula nini. Chande alinipokea dukani. "Jina ulilikuta?" Nikamwambia nimelikuta, limeandikwa vizuri.

Wenzangu, mlikuja siku arobaini zote, mkapika, mkaosha vyombo, kisha mkarudi kwenye maduka yenu. Ni haki. Mimi nikakaa nyumbani Ilala jioni baada ya jioni nikiwahesabia makosa: fulani hajaja, fulani kapita mlangoni hakuingia. Mliniona, mkapunga mkono. Sikuita hata mmoja wenu. Nilinuna tu, nikasubiri pantoni lije lenyewe.

Mtajiuliza mniite jina gani sasa. Niiteni Zaituni, ni la wifi yangu, ameniazima. Nyumba ina kimya kingi na siwezi kukaa nacho peke yangu kila siku. Kwa hiyo zipo siku nitawaita. Pengine mtashindwa kuja, mna watoto, mna wateja, sitawalaumu. Ila nikiita, hata kama mna tonge mdomoni, itikeni.